Panya Wanne Walioandikwa Wamekufa Usingizini

Nyinyi mnaoanza kazi sasa mnanikuta nimekaa kibarazani kwangu, mtaa wa nyuma ya Kwa Mathias hapa Kibaha, mnaniamkia vizuri, halafu swali ni lile lile: "Mama, ulikuwa huogopi panya?" Marahaba, wanangu. Panya sikuwaogopa hata siku moja. Niliogopa mkono wangu, na niliogopa kalamu yangu. Hiyo ya pili nitaisimulia leo, maana nasikia mmeajiriwa wengi na hakuna aliyewaambia.

Kazi yetu, kwa ambao hamjaifahamu vizuri, ilikuwa hivi. Jeni ni maelekezo ambayo mwili unayafuata kutengeneza kitu fulani. Ukitaka kujua jeni fulani ina kazi gani, unatafuta panya ambao wataalamu wameiondoa, unawafuga pamoja na ndugu zao walio nayo, kisha unaangalia nini kimeharibika. Panya wetu waliondolewa jeni inayosaidia misuli ya moyo kukaza na kulegea kwa mpangilio. Walikuwa weusi, wadogo, wazuri. Ukiwaona wanakula, wanazaa, wanapanda kwenye nyavu, huwezi kumtambua mwenye jeni na asiye nayo. Hata mimi sikuambiwa. Nilikata kipande kidogo cha sikio, nikapeleka maabara, majibu yakaenda kwa Daktari. Mtunzaji akijua yupi ni mgonjwa, atamlea kwa upendeleo, na vipimo vitadanganya.

Daktari ninayemsema ni Dk. Neema, aliyesimamia utafiti ule. Mwanamke wa maneno machache, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alikuwa akiniita Mama Rehema, na mimi nikimwita Daktari.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lyimo, mtu wa Machame aliyehamia Kibaha zamani, akajenga, akafuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na hakuacha kulalamikia joto mpaka alipostaafu. Wiki yangu ya kwanza hakunipa kazi. Alinipa kiti.

"Kaa humu chumbani," akaniambia. "Masaa mawili asubuhi, masaa mawili mchana. Usifanye kitu."

"Nikae tu, mzee?"

"Ukae tu. Wakuzoee."

Siku ya tatu akanisogelea, akanusa hewa, akauliza nimejipaka nini. Nikamwambia marashi kidogo, na nguo nimezifukiza udi, kama kawaida ya mwanamke wa Kizaramo mwenye mume. Akatikisa kichwa. Harufu ngeni inamtisha panya, mama mwenye watoto wachanga anaweza hata kuwala. Basi nikaacha udi, nikaacha marashi, nikaogea sabuni ya mche. Mwezi haujaisha, mume wangu akamwita kaka yangu kutoka Kisarawe waje kunikalisha kikao. Anataka kujua amekosa nini mpaka nimeacha kujipamba. Kaka akaniuliza kwa huzuni, "Mwanaidi, una nini na mwenzio?" Nikajibu, "Sina kitu naye. Ni panya." Mpaka leo wakikutana wanacheka.

Kwa Mathias palikuwa na kijana anauza sumu ya panya kwa kipaza sauti. Alipojua kazi yangu, kila nikipita anazima kipaza sauti, ananiambia, "Pole mama, wewe na mimi hatuwezi kuwa kanisa moja." Na mimi ni Mwislamu.

Mambo ya mikono mtayakuta yamebadilika. Sisi tulimshika panya kwenye shina la mkia, tukamwinua. Miaka ya mwisho tukaletewa vibomba vya plastiki: unaweka bomba kizimbani, panya anaingia mwenyewe, unamhamisha naye ndani yake. Wazee wengine walidharau, wakaona ni upotezaji wa muda. Mimi nilibishana nao. Panya aliyeingia mwenyewe kwenye bomba moyo wake haudundi kama wa yule uliyemning'iniza, na kama kazi yenu ni kupima moyo, hilo ndilo jambo lenyewe.

Hasa panya wetu. Maana ugonjwa wao ulikuwa huo huo: hofu. Akiwa ametulia, yule asiye na jeni moyo wake unapiga vizuri kama wa mwenzake. Mshtue, au mkimbize kwenye mkanda wa mazoezi, na mashine inaonyesha mapigo yanavurugika, yanakimbia ovyo. Wengine walianguka, wakaamka. Wale waliopewa dawa ya kutuliza mapigo walivumilia zaidi. Daktari alipoona hivyo kwa mara ya kwanza alitabasamu, na kutabasamu hakukuwa kawaida yake.

Sababu alikuwa na watu akilini. Kule Maneromango, sehemu niliyozaliwa mimi, kuna ukoo ambao jeni hiyo hiyo ilikuwa na hitilafu. Kijana mmoja wa ukoo huo alikimbia kuwafukuza ng'ombe walioingia kwenye mihogo yake, akaanguka, akafa papo hapo. Mdogo wake wa kike alitaniwa kisimani kwamba kuna nyoka miguuni pake. Akapiga kelele moja, akaanguka, basi. Watu wakasema mengi, mnawajua watu. Aliyebaki ni dada yao, Tatu, mama wa watoto wawili, ambaye naye alishazimia mara mbili na kuamka. Daktari wa moyo mjini alimwanzishia dawa ya kutuliza mapigo, na Dk. Neema alimfuatilia kwa ajili ya utafiti. Mimi nilimfahamu Tatu tangu akiwa tumboni. Mama yake nilicheza naye.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa siku ya kubadilisha vizimba. Kizimba kina mfuniko wa waya mzito, unaobeba chakula na chupa ya maji. Sheria ya chumba kile: mifuniko mitano kwa safari moja, juu ya toroli lililotandikwa taulo. Asubuhi ile nilipigiwa simu na muuza vitenge wa Kwa Mathias kwamba sare ya shughuli ya mpwa wangu inaisha, zimebaki doti tatu. Nikaona nikimaliza kazi mapema nitawahi. Nikabeba mifuniko safi ishirini mikononi, nimeikumbatia kifuani. Taulo lilikuwa kwenye ndoo ya kufua.

Mguu ukateleza kidogo tu. Sikuanguka mimi. Ilianguka mifuniko, yote, kwenye sakafu ya vigae.

Kelele ile siwezi kuwaeleza. Chumba kile kilikuwa cha watu wanaotembea kwa soksi. Nilisikia vizimba vyote vinatikisika kwa pamoja, panya wanaruka, wanagonga mifuniko. Kisha kimya. Nikabaki nimesimama, mikono bado imekaa kama nimebeba. Nikaanza kupita kizimba kimoja kimoja. Wengi walikuwa wamejikusanya pembeni, wanatetemeka. Kwenye kizimba cha sita, mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Nikamchukua. Alikuwa wa moto, mwili umelegea kabisa, kama amesinzia. Nikaendelea. Wakawa wanne.

Ingekuwa Mzee Lyimo, angeandika. Nilishauona ukurasa wake kwenye kitabu cha kumbukumbu za chumba, siku alipochanganya madume wakang'atana mpaka wawili wakafa: "Kosa langu. Lyimo." Herufi kubwa, wino mwekundu. Lakini alikuwa ameshastaafu, na mimi nilikuwa nimebakiza miezi miwili mkataba wangu uangaliwe upya. Nilikuwa nimeshapewa onyo moja la mdomo kwa kuchelewa. Nikaona kibarua kinaota nyasi. Nikamwona Rehema, binti yangu, yuko chuoni mwaka wa pili.

Na kitabu kilikuwa wazi mezani. Ukaguzi wa asubuhi niliufanya, wote walikuwa wazima, lakini kwa haraka yangu ya kitenge sikuujaza. Ukurasa mtupu. Wanangu, kama hamtashika lingine lolote, shikeni hili: jazeni ukurasa hapo hapo, mkiwa mmesimama, kabla hamjanawa mikono. Laiti ule ungekuwa umejazwa, nisingepata pa kuandikia uongo.

Nikaandika: panya wanne wamekutwa wamekufa usingizini, ukaguzi wa saa moja na nusu asubuhi. Nikatia sahihi. Nikawaweka kwenye jokofu. Kitenge sikukifuata.

Siku tatu zile nilikula kidogo. Mlango ukifunguliwa, nashtuka. Nikajipa moyo kwamba panya wanne ni panya wanne, kila mwezi wanakufa wengine kwa sababu zao.

Siku ya nne Daktari akaniita. Alikuwa na karatasi mbele yake, uso umebadilika.

"Mama Rehema, wale wanne. Wote hawana jeni. Wote wanne."

"Ndiyo, Daktari."

"Walikuwa wamelala? Hakukuwa na kelele, umeme haukukatika, hakuna aliyeingia?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilipewa mlango uliofunguliwa kabisa.

"Walikuwa wamelala," nikasema.

Akaisoma karatasi ile upya. Kisha akasema, nusu kama anaongea peke yake, kwamba siku zote walidhani hatari iko kwenye mshtuko na mbio. Kama wanakufa hata wakiwa wametulia, basi kuna kitu hawakukielewa, na huenda dawa ile haimkingi Tatu kama walivyodhani. Alitaka Tatu aje mjini avalishwe mashine ya kupima moyo usiku na mchana. Alitaka kwenda kumwambia mwenyewe. Na alitaka mimi niende naye, kwa kuwa naijua ile sehemu na ile familia.

Tukaenda. Barabara ya kutoka Kisarawe mnaijua ilivyo mvua ikinyesha, gari linayumba, Daktari ameshika karatasi zake. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, naomba tukwame.

Hatukukwama. Tulikaribishwa mkekani, tukaletewa madafu. Daktari alizungumza kwa uangalifu sana. Alisema panya si mtu. Alisema hawajui maana yake bado. Alisema ni tahadhari tu. Lakini Tatu alishika neno moja.

"Walikuwa wamelala?"

"Ndiyo, lakini hii haina maana kwamba wewe..."

"Mimi nilijua nisikimbie, nisishtuke, ninywe dawa," Tatu akasema. Alisema polepole, kama anayehesabu vitu vyake baada ya mwizi kupita. "Nikilala ndiyo nilikuwa napumzika na huu ugonjwa. Sasa mnaniambia hata kulala?"

Daktari akanigeukia. "Mama Rehema, mweleweshe."

Nikamwelewesha. Nikamwambia, mwanangu, usiogope, ni panya wanne tu, walikutwa asubuhi. Nilifafanua uongo wangu kwa maneno mazuri, mbele ya mama yake, ambaye tulikuwa tukichota maji pamoja. Tatu alikuwa ananitazama machoni. Aliniamini.

Tulipanga aje baada ya wiki tatu, mashine ikipatikana. Wiki ya pili, mchana, nikiwa natoa maranda machafu vizimbani, simu ikaita. Mama yake Tatu.

"Mwanaidi, mwenzangu, mtoto halali."

"Halali vipi?"

"Anakaa ukutani na taa. Akisinzia, anaruka. Anasema kuna mtu anamwita asilale. Mwili umekwisha. Jana alasiri usingizi ulimzidi, akashtuka kwa nguvu, akazimia hapo hapo mkekani. Tumemmwagia maji ndiyo akaamka." Akaanza kulia. "Mwambie daktari wenu. Mimi wawili nimeshazika."

Simu ikanitoka mkononi, ikaangukia kwenye maranda. Nilisimama pale nikaelewa nilichofanya. Mtu ambaye hofu inaweza kumuua, mimi nimempa hofu. Na hofu yenyewe haikuwa ya kweli.

Sikufikiri mkataba. Ningependa kuwaambia ulikuwa ujasiri, lakini ilikuwa hofu kubwa zaidi iliyoifukuza ndogo. Nikapanda ngazi na gauni langu la chumba cha panya, jambo lililokatazwa kabisa, nikaingia ofisini bila hodi.

"Daktari, wale wanne hawakufa usingizini. Niliangusha mifuniko."

Aliweka kalamu chini. "Sema tena."

Nikasema tena. Nilitegemea kelele. Akavuta karatasi.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Mifuniko mingapi?"

"Ishirini."

"Kutoka vizimbani ni hatua ngapi? Uliwaona wakianguka?"

Akaandika kila kitu, na mwandiko wake haukubadilika. Kisha nikamwambia habari ya Tatu. Hapo kalamu ikasimama. Akavua miwani, akafunika macho kwa kiganja.

"Nenda kasimame nje," akasema. "Tafadhali. Nisije nikasema neno."

Nilisimama kwenye korido muda ambao sikuupima. Alipotoka alikuwa na mkoba begani na funguo mkononi. Alikuwa amempigia mama yake Tatu, simu haipatikani. Amejaribu tena na tena, haipatikani.

"Panda gari," akasema.

Mnajua msiba kwetu unavyojulikana kwa mbali: turubai, mabenchi, wanaume wamesimama vikundi. Kuanzia tulipoipita Kisarawe mjini, kila kona nilikuwa naangalia kama nitaona turubai. Nikiona nguo imeanikwa kwenye kamba, nadhani ndilo. Tulipofika kwenye njia ya kuingilia kwao, nikaona wanawake wamekusanyika uani, kama saba hivi, wamejifunga khanga kiunoni. Nikashika bega la Daktari kutoka nyuma, na yeye nikamsikia anavuta pumzi.

Walikuwa wanamenya mihogo ya kuanika.

Daktari alizima gari mbali, tukatembea. Akaninong'oneza, "Usipige hodi kwa sauti. Na usimwambie ghafla. Hata furaha ni mshtuko." Simu ya mama yake ilikuwa imeisha chaji, hilo tu. Alituona, akataka kupiga yowe, nikamwekea kidole mdomoni, nikamshika mkono.

Tatu alikuwa ndani, amekaa ameegemea ukuta. Macho mekundu, yameingia ndani. Alikuwa amejifunga kamba ya khanga kwenye kidole na kuikaza, ili maumivu yasimwache asinzie. Nilipoona kidole kile kilivyobadilika rangi, nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Shikamoo mama," akasema.

Sikuweza kuitikia. Daktari alikaa pembeni. Alitaka niseme mwenyewe, na alikuwa na haki.

Nikaanza taratibu. Nikamwambia kuhusu sare, kuhusu mifuniko, kuhusu sakafu ya vigae. Nikamwambia wale panya walikuwa macho, walishtuka, ndiyo maana wakafa, kama ilivyokuwa kwa kaka yake na mdogo wake. Nikamwambia hakuna panya hata mmoja aliyekufa amelala. Nikamwambia niliogopa kufukuzwa kazi, nikaandika uongo, na uongo huo nikauleta nyumbani kwao kwa mdomo wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo siku zote hizi," akasema, "nimekaa macho kwa ajili ya kitenge?"

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, wala sijui kama alinisamehe. Alimgeukia Daktari. "Na hii ni kweli? Au na hii mtakuja kuibadilisha?"

"Hii ni kweli," Daktari akasema. "Mashine bado nataka uvae. Dawa usiache hata siku moja. Lakini kulala, Tatu, lala."

Tatu akaanza kufungua kamba kwenye kidole. Fundo lilikuwa limekaza, mama yake akamsaidia. Kisha akajilaza pale pale mkekani, akajifunika khanga usoni, na kabla hatujajua la kufanya, alikuwa amelala.

Sasa ndiyo hofu ilikuja upya. Maana tumemwambia alale, naye amelala, na sisi watatu tumekaa tunatazama khanga ile inavyopanda na kushuka. Mama yake akatoka kuwanyamazisha wanawake uani. Kuku akilia karibu na mlango, Daktari anafumba macho. Mara mbili nilidhani khanga imesimama. Mara moja Daktari alipiga magoti, akasogeza sikio karibu kabisa na uso wa Tatu, akakaa hivyo, halafu akanigeukia akaitikia kwa kichwa kwamba anapumua. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu ofisini.

Barua ya onyo ilinifuata wiki iliyofuata, na kwa miezi saba niliosha vizimba tu, chumba cha panya nikawa nakiona kupitia kioo. Kwenye kitabu, Daktari hakufuta nilichoandika. Alinitaka nikipige mstari mmoja mwenyewe, kisomeke, kisha niandike ukweli chini yake na jina langu kamili. Mkienda mtaukuta ukurasa huo. Usomeni.

Lakini siku ile hayo yote hayakuwa kichwani mwangu. Jua lilizunguka likaingia mlangoni, likafika kwenye miguu ya Tatu. Alasiri iliadhiniwa. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, na hakuna aliyethubutu kuinuka. Kisha khanga ikasogea. Tatu akaifunua uso, akatutazama mmoja mmoja kama mtu asiyejua yuko wapi, halafu akakunja uso.

"Bado mpo?" akasema. "Mama, wageni wamekaa muda wote huu hata maji hujawapa?"